Njia za Kwenda Misri kutoka Kivu

Siku moja hapa Kashebere watoto wa shule walisimuliwa habari za Yosefu, mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri. Hadithi ilipokwisha, mtoto mmoja akainua mkono akauliza: "Je, mtu akitoka hapa kwetu, aweza kufika Misri kwa miguu?" Wenzake wakacheka. Sisi wakubwa tulicheka kidogo pia, kisha tukanyamaza, maana tuliona kwamba hatuna jibu. Jina la Misri twalisikia kila mwaka, lakini kwetu ni kama nchi isiyo na njia.

Hapa mpakani mwa Masisi na Walikale njia ni jambo la kila siku. Mtu akitaka kupeleka mbuzi sokoni, au kumchukua mgonjwa hospitali, swali la kwanza ni hili: Njia ipo? Daraja limesimama? Mvua imekata barabara? Wenye bunduki wamekaa wapi leo? Kwa hiyo swali la mtoto yule halikuwa la kuchekwa. Tukaanza kutafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata. Njia ya kutoka Kivu mpaka Misri ipo tangu zamani, na watu wengi wameipita, wengine kwa raha, wengine kwa machozi. Imefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Milima, mito na jangwa viliichelewesha tu. Walioifunga kabisa ni watu.

MAJI YANAYOIJUA NJIA

Tuanze na nchi yenyewe. Maji ya Kashebere hayaendi Misri. Mito yetu huingia Lowa, Lowa huingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo, unaomwagika katika bahari ya Atlantiki upande wa machweo. Lakini mtu akipanda milima ya Masisi, akashuka upande wa mashariki mpaka Rutshuru, amekwisha kuvuka mgongo wa nchi unaogawa maji. Mto Rutshuru huingia Ziwa Edward. Katika ziwa hilo, pale Ishango, hutoka mto Semliki, nao hupita chini ya milima ya Ruwenzori yenye theluji na kuingia Ziwa Albert. Maji ya Ziwa Albert hutoka kwa jina la Nili. Hupita Nimule, Juba, Khartoum, Aswan na Kairo, yakaishia katika bahari ya Mediteranea. Wenye elimu ya ardhi wasema kwamba zamani sana hata maji ya bonde la Ziwa Kivu yalikwenda kaskazini. Volkano za Virunga zilipozuka, zikayaziba, na leo Ziwa Kivu humwaga maji yake kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika.

Basi mvua inayonyesha Rutshuru hufika Misri bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwanadamu anayeyafuata maji hayo hukutana na vizuizi vitatu. Cha kwanza ni maporomoko kati ya Nimule na Juba, mahali ambapo mto unaruka juu ya mawe na meli haiwezi kupita. Kila msafiri hushuka na kwenda nchi kavu. Cha pili ni Sudd, kinamasi kikubwa sana cha majani na mafunjo kaskazini ya Juba. Jina hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kizuizi. Cha tatu ni jangwa la Nubia, pamoja na maporomoko mengine yaliyo kati ya Khartoum na Aswan.

Vizuizi hivi vitatu watu walivishinda. Penye maporomoko walifanya barabara, katika Sudd walikata majani, na jangwani walitandika reli. Lakini ulibaki mlango mmoja, nao ni mji wa Khartoum, pale Nili Nyeupe na Nili ya Buluu zinapokutana. Kwa mtu wa kwetu anayeufuata mto kwenda Misri, mlango ni huo. Tukifuata habari za mlango huo, tutaelewa habari za safari zote.

WATU WALIOKWENDA KUSINI ILI WAFIKE KASKAZINI

Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker na mke wake walifika Ziwa Albert wakitoka Khartoum. Baada yao Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alitaka kuutawala mto wote mpaka maziwa makuu. Likaanzishwa jimbo la Ekwatoria. Gordon alilitawala kuanzia mwaka 1874, na mwaka 1878 akawekwa Emin Pasha, mganga mwenye asili ya Kijerumani. Meli zake mbili ndogo, Khedive na Nyanza, zilitembea juu ya Ziwa Albert. Siku zile barua iliweza kuandikwa kando ya ziwa letu hilo na kusomwa Kairo, ikienda na mto tu.

Lakini tusisahau kwamba njia ile ile ilipitisha pembe na watumwa. Watu wa Nili ya juu walikamatwa, wakatelemshwa Khartoum, na wengine wakauzwa mpaka Misri. Hao nao ni wasafiri wa njia hii, ijapokuwa hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Walikwenda Misri kama Yosefu, na wengi hawakupata kurudi wala kuonana tena na ndugu zao.

Tarehe 26 Januari 1885 majeshi ya Mahdi yaliuteka mji wa Khartoum, na Gordon akauawa. Mlango ukafungwa. Emin alibaki juu ya mto na watu wake, Wamisri na Wasudani, pamoja na wake zao na watoto, kama watu waliovuka daraja kisha likakatwa nyuma yao.

Sasa msomaji atazame ajabu hii. Huko Ulaya watu walipanga kumwokoa Emin, wakamchagua Stanley. Mwezi wa Januari 1887 Stanley alikuwa Kairo. Emin alikuwa juu ya mto ule ule unaopita Kairo. Lakini kwa sababu Khartoum ilikuwa imefungwa, Stanley alikwenda kwa meli mpaka Unguja kutafuta wapagazi, akazunguka chini ya Afrika nzima, akaingia mdomo wa mto Kongo, akaupanda mto huo, akafika Yambuya juu ya mto Aruwimi mwezi wa Juni, kisha akapenya msitu wa Ituri. Alifika Ziwa Albert mwezi wa Desemba 1887, na kuonana na Emin ilikuwa tarehe 29 Aprili 1888. Wapagazi wengi wa Unguja na wa pwani walikufa katika msitu kwa njaa, kwa mishale na kwa vidonda.

Safari ya kurudi ilianza Aprili 1889. Watu wa Emin walitaka kwenda kwao Misri, upande wa kaskazini. Ikawalazimu kugeuza uso kusini. Walipita bonde la Semliki, chini ya Ruwenzori, wakapita kando ya Ziwa Edward, wakaenda Ankole na Karagwe, wakazunguka kusini ya Ziwa Viktoria, na tarehe 4 Desemba 1889 wakafika Bagamoyo. Miezi minane kwa miguu! Huko pwani ndipo waliosalia walipopanda meli ya kuwapeleka Suez. Wengi walikuwa wamekufa au wameachwa njiani, hasa wanawake na watoto. Emin mwenyewe hakuiona tena Misri. Alirudi bara, na mwezi wa Oktoba 1892 akauawa katika msitu wa Kongo, upande wa Lualaba.

Wakati huo huo walikuwako waliofungwa upande wa ndani wa mlango. Padre Josef Ohrwalder wa misioni ya Sudani, pamoja na wamisionari wengine, alikuwa ametekwa na watu wa Mahdi mwaka 1882. Alikaa utumwani karibu miaka kumi. Usiku mmoja wa Novemba 1891 alitoroka Omdurman juu ya ngamia pamoja na masista wawili, wakavuka jangwa mbio bila kupumzika vya kutosha, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamefika Kairo. Walioongoza ngamia walikuwa wenyeji wa jangwa, waliojua visima. Pasipo wao, padre na masista wangalikufa kwa kiu.

RELI, MELI NA MOTOKAA

Mwaka 1897 askari wa Kongo walioongozwa na Chaltin waliitwaa Rejaf, karibu na mahali ulipo mji wa Juba. Mfalme Leopold wa Pili alitaka sana kuwa na bandari ya Nili, na nchi ya Lado ilikuwa mikononi mwake mpaka alipokufa Desemba 1909. Mwaka 1910 ikarudishwa kwa Sudani. Upande wa kaskazini, Waingereza na Wamisri walishinda vita ya Omdurman tarehe 2 Septemba 1898, na mwisho wa mwaka 1899 reli ya jangwani ilifika upande wa pili wa mto, mbele ya Khartoum. Mlango ulifunguliwa. Kwa miaka zaidi ya hamsini mtu mwenye fedha aliweza kutoka kwetu na kufika Kairo bila kuacha bara la Afrika.

Tumfuate msafiri wa miaka ya 1930. Kutoka milima yetu alitembea kwa miguu au kuchukuliwa katika kipoyi mpaka penye barabara ya motokaa, wapagazi wakimbeba mizigo kichwani. Kutoka Goma alipita Rutshuru, akavuka nyika ya wanyama ya Rwindi, akapanda mtelemko mkali wa Kabasha, akafuata barabara ya Lubero, Butembo na Beni mpaka Irumu. Hapo aliweza kuchagua. Akishuka Kasenyi, au akienda Mahagi, alikuta meli ya Ziwa Albert. Meli za upande wa Uganda zilikaa katika bandari ya Butiaba. Akitaka nchi kavu, barabara ilimpeleka Aba, mpakani mwa Sudani, na kutoka Aba motokaa zilikwenda Juba.

Aliyepita ziwani alifuata Nili mpaka Nimule, akashuka, akapanda motokaa kuyazunguka maporomoko, akafika Juba. Hapo ilianza safari ndefu ya meli ya magurudumu, zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Khartoum. Meli ilisukuma mashua bapa mbele na ubavuni. Katika hizo walikaa abiria wa daraja la chini, pamoja na kuni, ng'ombe na magunia. Siku baada ya siku msafiri aliona mafunjo tu kulia na kushoto, na viboko, na mbu wengi usiku. Zilipita siku nyingi kabla hajaona nchi kavu ya kweli.

Khartoum alipanda gari la moshi. Baada ya Abu Hamed reli huuacha mto na kukata jangwa moja kwa moja mpaka Wadi Halfa. Katika jangwa hilo hapakuwa na vijiji vya kuzipa stesheni majina, kwa hiyo ziliitwa kwa hesabu tu: namba moja, namba mbili, mpaka namba kumi. Wadi Halfa alipanda meli tena, akapita mbele ya sanamu kubwa za Abu Simbel zilizochongwa katika mwamba, akafika Shellal karibu na Aswan. Toka hapo gari la moshi la Misri lilimpeleka Kairo, likifuata kando ya mto kati ya mashamba ya miwa na mitende. Jumla yake safari ilichukua majuma kadha wa kadha. Kwa wenye haraka palikuwa na ndege: tangu mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilitoka Kairo zikapita Khartoum na Juba mpaka maziwa ya Afrika ya Mashariki.

Lakini msafiri huyu alikuwa nani? Alikuwa mzungu wa serikali anayekwenda likizo, au mmisionari, au mfanyabiashara, au mtalii aliyekuja kupiga picha. Mkongo hakuweza kutoka hata katika wilaya yake kukaa mbali bila kibali cha serikali. Itakuwaje avuke mpaka kwa mapenzi yake? Wazee wa milima hii waliujua mwanzo wa njia ya Misri, maana mizigo ilikaa juu ya vichwa vyao. Walipofika penye motokaa, walitua mizigo, wakapokea malipo madogo, wakarudi nyumbani. Njia ilikuwa wazi, lakini kwao ilikwisha pale.

ASKARI WA KONGO NCHINI MISRI

Ndipo ikaja vita kuu ya pili. Vita hii ilifanya jambo ambalo amani haikulifanya: iliwapeleka Wakongo kwa maelfu katika nchi za mbali.

Mwaka 1941 jeshi la Kongo, Force Publique, lilitumwa kupigana na Wataliani katika Habeshi. Askari walikwenda kwa malori mpaka Juba, wakatelemka na Nili kwa meli, wakageuka upande wa mashariki kuelekea milima ya Habeshi. Waliitwaa Asosa mwezi wa Machi, kisha Gambela. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha huko Saio mbele ya Jenerali Gilliaert wa jeshi la Kongo. Wakongo wengi walikuwa wameanguka, na si kwa risasi tu: njaa na ugonjwa wa beriberi viliua pia, kwa sababu chakula kilichelewa katika njia ile ndefu.

Mwaka 1942 jeshi jingine la Wakongo lilipelekwa Nijeria, kwa kuwa nchi jirani za Wafaransa zilidhaniwa kuwa hatari. Hatari hiyo ilipokwisha, mwaka 1943 likaamriwa kwenda Misri. Sehemu ya jeshi ilivuka bara zima kwa malori, kupitia Chadi na Sudani, katika mchanga na jua kali, mpaka nchi ya Nili. Wasomaji wetu wanaojua taabu ya lori moja kukwama katika matope ya njia ya Walikale wawaze safu ya malori mamia katika mchanga usiokuwa na kijiji wala mti, na dereva aliyezaliwa penye msitu na mvua. Huko Misri na Palestina walilinda maghala na mateka, wakafanya mazoezi wakingoja kuitwa vitani, mpaka waliporudishwa mwisho wa mwaka 1944. Kikosi kingine cha Wakongo, cha waganga na wauguzi, kilikwenda mbali zaidi mpaka Burma.

Jeshi lile lilichanganya watu wa makabila mengi ya Kongo, na lugha yake ya amri ilikuwa Lingala. Wote waliiona Misri, wengine waliziona piramidi. Waliona pia mambo mengine: wazungu wakipigana na wazungu, na majenerali wa kizungu wakijisalimisha. Waliporudi, walikuta sheria zile zile za kibali. Mtu aliyekuwa ameendesha lori kutoka Nijeria mpaka Nili alipaswa kuomba ruhusa ya kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Heshima ilikuja polepole mno. Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Filipo wa Ubeljiji alipofika Kinshasa, alimvika nishani mzee Albert Kunyuku, aliyekuwa katika vita ya Burma. Mzee alikuwa ametimiza miaka 100. Wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa bila neno.

MLANGO BAADA YA UHURU

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Wengi walidhani kwamba sasa Mwafrika atakwenda Misri kama amwendeavyo jirani. Safari moja ya kwanza ikawa ya watoto. Mwishoni mwa mwaka 1960, baba yao alipokuwa amezuiliwa Leopoldville, watoto wa Patrice Lumumba walipelekwa Kairo kwa ndege, kwa siri, wakisindikizwa na mjumbe wa Misri. Rais Nasser aliwapokea, nao wakalelewa huko. Baba yao aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Wakristo hawakosi kukumbuka mtoto mwingine aliyekimbizwa Misri usiku kwa ajili ya wenye mamlaka.

Serikali ya Stanleyville, chini ya Gizenga, ilitafuta msaada wa Kairo mwaka 1961. Misri ilitaka kusaidia, lakini kati yao ilikuwako Sudani, na serikali ya Khartoum ilikataa kupitisha vitu. Mlango ulifungwa kwa neno moja. Mwisho wa mwaka 1964 serikali ya Khartoum ilibadilika, na kwa miezi kadha silaha kutoka Misri na Algeria zilipita Juba kuwaendea waasi wa Simba. Hivyo tuliona kwamba mlango ukifunguliwa si lazima uingie mkate. Waweza kuingia moto, na moto ule uliunguza nyumba nyingi za mashariki ya Kongo.

Katika miaka ile ile, njia ya zamani ya meli na reli ilianza kufa. Maji ya Ziwa Albert yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakaharibu bandari ya Butiaba. Huko kaskazini Misri ilijenga bwawa kubwa la Aswan, kazi iliyoanza mwaka 1960 na kumalizika mwaka 1970. Ziwa jipya lilifunika mji wa kale wa Wadi Halfa, na maelfu ya Wanubi walihamishwa kutoka makaburi ya babu zao. Sanamu za Abu Simbel zilikatwa vipande vipande na kuinuliwa juu ya maji. Hata hivyo maji hayakuikata njia kabisa. Meli mpya ilivuka ziwa kutoka Wadi Halfa mpaka Aswan.

Kilichoikata ni vita. Sudani ya kusini ilipigana kuanzia mwaka 1955 hata 1972, ikapigana tena kuanzia mwaka 1983 hata 2005. Meli za Juba zikawa shabaha ya risasi. Sudani Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na Desemba 2013 ikaingia katika vita vyake yenyewe. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 vita vilianza katikati ya Khartoum, kati ya majeshi mawili ya nchi moja. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Misri kwa mabasi, wakalala mpakani katika jua. Mwezi wa Juni mwaka ule Misri ikaagiza kwamba kila Msudani lazima awe na viza, na wengi wakabaki Wadi Halfa wakingoja karatasi. Ilikuwa miaka 138 tangu Mahdi, na mlango ni ule ule.

JIBU LETU

Siku hizi mtu wa Kivu anayekwenda Kairo hafikirii mto. Hutafuta ndege. Zipo ndege za Misri zinazotoka Entebbe mpaka Kairo kwa muda wa saa chache, na wengine huzunguka kwa Addis Ababa. Saa chache hizo huruka juu ya yote tuliyoyasimulia: ziwa, Nimule, Sudd, jangwa. Lakini kabla ya ndege kuna pasipoti, na kabla ya Misri kuna viza, na ubalozi wa Misri uko Kinshasa, mji ambao barabara ya Kashebere haiufikii. Kijana wa kwetu anayetaka kwenda kaskazini huanza kwa kutafuta njia ya magharibi. Twamkumbuka Stanley, aliyetoka Kairo akazunguka Afrika nzima ili afike juu ya mto wa Kairo.

Wala si lazima kutazama mbali hivyo. Mwezi wa Machi 1993 fujo ilizuka katika soko la Ntoto, katika Walikale, ikaenea Masisi, na tangu hapo njia zetu wenyewe zimefungwa na kufunguliwa mara zisizohesabika. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilitwaliwa na M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mama anayebeba ndizi kutoka kijiji kimoja hata kingine hulipa kizuizi, kisha hulipa kingine. Yeye anajua vema habari za Khartoum, ijapokuwa hajausikia mji huo.

Basi twamjibu mtoto wetu hivi. Ndiyo, mtu aweza kutoka Kashebere akafika Misri kwa miguu. Atapanda Masisi, atavuka Rutshuru, kisha atayafuata maji. Wapagazi na askari walitembea sehemu za njia hiyo, na wakimbizi wa Emin walitembea sehemu yake nyingine. Miguu yaweza. Lakini lazima watu walioko njiani wamruhusu apite, naye awaruhusu wao kupita kwake. Mtoto akikua na kuondoa kizuizi kimoja tu katika njia ya kijiji chake, amefungua kipande cha kwanza cha njia ya Misri.

Tuna ombi moja kwa wasomaji. Katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale kuna masanduku ya wazee. Pengine ndani yake kuna nishani, au picha ya askari aliyesimama mchangani, au kofia ya Force Publique. Waulizeni wazee waliobaki, na watoto wa wazee waliokwisha kufa: babu alikwenda wapi, alipita njia gani, alirudi na nani? Yaandikeni katika daftari, pamoja na majina na vijiji. Watu wa Kairo wanajua nani alijenga piramidi. Na sisi tujue nani wa kwetu alizitazama, na njia gani ilimfikisha huko.